Mkono mkubwa wa aina tatu: fungua chini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na shemeji yangu tunacheza briji kama jozi, huu mwaka wa pili. Juzi nilipata mkono huu: shupaza ree, kwini, 8, 4, kopa kingi, kwini, jeki, 5, uru ree, kingi, jeki, 3, na pau 7 peke yake. Pointi 20 (ree ni 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1). Nikaona mkono ni mkubwa, nikafungua pau mbili, mnada wa mkono wenye nguvu sana. Shemeji akajibu uru mbili ya kungojea, isiyosema kitu juu ya uru zake, nikanadi uru tatu, yeye akamalizia bila turufu tatu, yaani kula raundi 9. Wapinzani walianza na pau, wakala raundi tano mfululizo, tukashindwa. Shemeji alikuwa na shupaza kingi, 10, 6, 2. Kopa 9, 3. Uru 6, 5, 4. Pau kwini, 8, 5, 2. Baadaye tukaona shupaza nne, yaani raundi 10 shupaza ikiwa turufu, zilikuwa zinakamilika. Ningenadi vipi?

JIBU: Marahaba. Kwanza usimlaumu shemeji. Alikuwa na kwini ya pau na karata nyingine tatu nyuma yake, wewe umemwambia una uru, naye akasema bila turufu. Hata mimi ningesema hivyo. Kilichowaponza ni pau mbili ulizofungulia.

Hesabu nafasi mlizobaki nazo. Ulipofika uru tatu, kati ya hapo na bila turufu tatu palikuwa na minadi miwili tu, kopa tatu na shupaza tatu. Ulikuwa na aina tatu za kumwonyesha mwenzako, umemwonyesha moja, na ngazi zimekwisha. Mkono wenye aina moja ndefu unaweza kuanzia juu, maana una neno moja la kusema. Wa aina tatu una maneno mengi, na unahitaji kuanzia chini kabisa ili yote yapate pa kusemewa.

Kwa hiyo mkono wako unafunguliwa uru moja. Shemeji ana pointi 5 na shupaza nne, anajibu shupaza moja. Hapo mkono wako umekuwa mkubwa kuliko pointi zake 20, kwa sababu mmekutana kwenye shupaza na pau yako ni moja tu. Sasa ruka hadi pau nne.

Huu ndio mnada tunaouita splinta. Hapo pau mbili zingesema una pau za kweli. Pau tatu zingesema una pau na nguvu nyingi. Pau nne hazina kazi nyingine, basi tunazipa kazi hii: "Nina shupaza nne, nina nguvu ya kutufikisha gemu, yaani shupaza nne, hata kama wewe ni dhaifu, na kwenye pau nina karata moja au sina kabisa." Shemeji anaitazama kwini yake ya pau, anajua haina thamani mbele ya karata yako moja, na anarudi shupaza nne. Hapo mnaishia, na karata zikigawanyika kawaida mnakula raundi 10.

Utamu wa splinta unaonekana zaidi mkono wa mwenza ukibadilika. Chukua shemeji wawili. Wa kwanza ana shupaza kingi, jeki, 7, 5, 2. Kopa 8, 6. Uru kwini, 4. Pau kingi, kwini, jeki, 2. Hizo ni pointi 12. Wa pili ana shupaza zilezile na uru zilezile, lakini kopa ni ree na 6, na pau ni 8, 6, 3, 2. Ana pointi 10 tu. Ukihesabu pointi peke yake utasema wa kwanza ndiye wa slemu, yaani raundi 12 au zote 13. Kumbe sivyo. Wa kwanza pointi zake sita zimekaa kwenye pau, mahali ambapo ulikuwa unapoteza raundi moja tu tangu mwanzo, na ree ya kopa na ree ya pau zote ziko kwa wapinzani. Huyo anaishia shupaza nne. Wa pili hana kitu kwenye pau, kila pointi yake inafanya kazi: mna za kula shupaza tano, kopa nne, uru nne, ila wapinzani wanawahi pau moja, nanyi mnabaki na raundi 12. Shupaza sita, bila jasho. Huyo akisikia pau nne zako hatakiwi kurudi shupaza nne kimyakimya. Anatakiwa aanze kuulizia slemu.

Najua utaniuliza: na mwenza akipita kwenye uru moja? Hofu hiyo ndiyo inayowasukuma wengi kwenye pau mbili. Mwenza anapita akiwa na pointi chini ya 5 au 6. Ikiwa wewe unazo 20, wapinzani wanazo angalau 15, na aina uliyopungukiwa wewe mara nyingi imejaa kwao. Ni nadra wanyamaze. Wakinadi pau, unapiga dabo ya kumwomba mwenza achague aina, na mnarudi mezani. Mara mojamoja itapita na mtacheza uru moja huku gemu ikiwapita. Nakubali gharama hiyo. Ni ndogo kuliko kupofuka kila mara unapofungua pau mbili.

Pau mbili ziache kwa mkono wa aina tatu wenye pointi 23 au 24 kwenda juu, pale ambapo kupitwa ni hatari kweli.

Kuna sura moja ngumu zaidi ya hiyo yako, nayo ni karata ya pekee ikiwa shupaza. Unafungua uru moja, mwenza anajibu shupaza moja, mahali palepale ulipo mtupu. Ikiwa shupaza yako ni kingi au kwini na una pointi 18 au 19, mimi nasema bila turufu mbili bila kusita. Ikiwa ni 7 tu, nanadi kopa mbili, mnada wa nguvu ambao mwenza haruhusiwi kuupita. Mnada huo unaahidi uru tano wakati nina nne, na huo ni uongo mdogo ambao mara nyingi haudhuru. Kwa karata ya pekee ya uru, fungua pau moja. Mkono wa 5-4-4-0 (karata tano za aina moja, nne nne za aina mbili, na aina ya nne huna) haukupi tabu hii, kwani aina yenye karata tano inajifungua yenyewe.

Baadhi ya wachezaji wakubwa waliutengea mkono huu mnada wake. Garozzo na Forquet, katika timu ya Italia iliyotwaa Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa briji, mara kumi mfululizo kati ya 1957 na 1969, walitumia mfumo wa kunadi uitwao Blue Club, na ndani yake kufungua uru mbili zilimaanisha 4-4-4-1 yenye pointi 17 hadi 24. Ni chombo kizuri. Lakini katika mikono 100 ni kama 3 tu yenye umbo la 4-4-4-1, na mingi ya hiyo haina nguvu hizo. Kwa jozi ya mwaka wa pili sioni faida ya kufunga mnada mzima kwa mgeni adimu kiasi hicho. Jifunzeni splinta kwanza, itawafaa kila wiki.

Jioni moja mkiwa nyumbani, toa karata zako 13 za juzi uziweke kando, kisha changa zile 39 zilizobaki na mgawie shemeji 13. Nadini. Changa tena, mara 20 au 30, mkono wako ukiwa uleule. Kila anapopata shupaza nne au zaidi, aseme kwa sauti, kabla ya kujibu pau nne zako, pointi zake ngapi ziko kwenye pau.