Runinga Nyembamba: Tufuate Sura au Picha?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Tumejaaliwa kuweka akiba ya kununua runinga ya LED ya inchi 43, na katika duka moja la Barabara ya Digo tumeonyeshwa mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Moja ni nyembamba kama kidole, na mume wangu ameipenda kwa ajili ya kuitundika ukutani. Ya pili imetuna mgongoni, lakini muuzaji anasema picha yake ni bora. Nyumba yetu ni ya zamani, sebule ni ndefu na nyembamba, dirisha linaelekeana na ukuta wa runinga, na wengi wetu hukaa kwenye viti vya pembeni. Je, tufuate sura au picha? Na hiyo 4K ina faida gani kwetu?
Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yetu. Runinga inayoitwa LED huwa na kioo cha LCD, nacho hakitoi mwanga chenyewe, bali humulikwa na taa ndogo za LED zilizofichwa ndani. Tofauti ya hizo mbili mlizoziona huenda inatokana na mahali taa hizo zilipopangwa. Ili runinga iwe nyembamba sana, kwa kawaida kiwanda huzipanga taa ukingoni tu, kisha bamba la plastiki husambaza mwanga hadi katikati ya kioo. Zile zilizotuna huwa na nafasi ya kutandaza taa nyuma ya kioo kizima. Mwanga unaotoka ukingoni ni mgumu kuusawazisha, na kasoro yake haijitokezi mchana wala katika picha yenye rangi nyingi, bali hujitokeza usiku, katika tamthilia yenye kiza. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nyembamba kwa sababu ya urembo wake, na usiku wa kwanza, tulipozima taa za sebuleni, pembe mbili za chini zilitoa weupe kama maziwa yaliyomwagika juu ya kaniki. Sikuwa na la kumlaumu muuzaji, kwa kuwa dukani sikuomba kuonyeshwa picha yenye giza.

Hata hivyo, msiikimbilie ile nene kabla ya kulipima suala la viti vyenu, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko unene. Vioo vya aina ya IPS huhifadhi rangi hata kwa anayetazama akiwa kando, ilhali vya aina ya VA hutoa weusi uliokolea zaidi lakini rangi zake hufifia kadiri mtu anavyosogea pembeni. Ni nadra muuzaji kujua kioo ni cha aina gani, na unene wa runinga haukuambii, kwa hiyo macho yenu ndiyo yatakayoamua. Chukueni flashi yenye video mbili, moja ya mpira na nyingine yenye mandhari ya usiku, mwombe muuzaji aziwashe runinga zote mbili kwa video ileile na aiondoe ile hali ya picha ya dukani ambayo huongeza mwanga na rangi kupita kiasi. Kisha mmoja wenu asimame mbele na mwingine asogee kando mpaka afikie pembe ya kiti cha mwisho cha nyumbani. Ikiwa nyuso za wachezaji zinapauka kwa aliye kando, hiyo haiwafai, hata kama aliye mbele anaisifu.

Kuhusu dirisha, kioo kinachong'aa kitawarudishia taswira yake kila alasiri, na hilo hamtaligundua dukani. Pazia zito litasaidia; kuhamishia runinga kwenye ukuta usioelekeana na dirisha kutasaidia zaidi.

4K ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3840 kwa 2160, mara nne ya zile za Full HD, kiwango cha picha kilicho chini yake, lakini kwenye inchi 43 jicho la kawaida huanza kupoteza tofauti hiyo mtu anapokaa umbali unaozidi mita mbili hivi. Isitoshe, chaneli za bure mnazozipata kwa antena hazirushwi kwa 4K. Kama bei ni ileile, ichukueni. Kama mnaongezewa pesa, afadhali pesa hizo zinunue spika ndogo ya nje, kwa sababu mwili mwembamba hauna nafasi ya spika za maana, na sauti yake mara nyingi huwa kama inatoka ndani ya kopo.

Sasa nirudi kwa mume wako na ukuta wake. Wembamba huonekana na anayetazama kutoka ubavuni, basi. Anayeketi mbele haoni mgongo wa runinga. Kuta za nyumba za kale za Mji wa Kale, kama huko kwenu Kibokoni, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo humomonyoka yakitobolewa ovyo, kwa hiyo mwiteni fundi aliyezizoea kuta hizo, atafute jiwe imara nyuma ya lipu na atumie skrubu ndefu, si zile fupi zinazouzwa pamoja na kishikio. Mkiamua kuiweka mezani, pimeni kwanza umbali kati ya miguu yake miwili: runinga ya inchi 43 ina upana wa takriban sentimita 95, na nyingi siku hizi zina miguu iliyowekwa karibu na ncha, hivyo meza ya sentimita 70 inaweza isiitoshe.