Chupa ya udongo darasani: weka alama kwa saa, siyo kwa macho

Jaribio la kutuamisha udongo, yaani kuuacha ushuke majini ili kupima sehemu zake za mchanga, tope (chembe za ukubwa wa kati) na mfinyanzi, ni rahisi kuliandaa, na ni rahisi vilevile kuliharibu. Wengi huacha chupa ilale usiku kucha, kisha asubuhi wanabishana mchanga uliishia wapi. Mipaka ya matabaka huwekewa alama wakati chembe zinatuama.

Anika udongo juani siku mbili. Vunja mabonge kwa vidole. Ukiutwanga kwenye kinu utasaga hata mchanga na kupata jibu la uongo. Toa mawe na mizizi kwa mkono. Chekeche la unga halifai, maana linazuia mchanga mnene, ambao nao ni sehemu ya udongo.

Kila kundi la wanafunzi watano lipate chupa angavu ya lita 1 yenye ubavu ulionyooka. Chupa iliyobinywa kiunoni, au yenye vifundo kitakoni, inapotosha vipimo. Jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya unga, kisha maji hadi karibu na shingo. Sabuni inaachanisha chembe za mfinyanzi zilizogandamana. Bila hiyo zinashuka kwa mafungu na kuhesabiwa kama tope. Ukizidisha, povu litakuficha kila kitu.

Tikiseni dakika 5 kamili, wekeni chupa mezani, na asiiguse mtu tena. Baada ya dakika 1, chora mstari wa kwanza kwa kalamu ya wino mzito: huo ni mchanga. Baada ya saa 2, wa pili: tope laini. Mfinyanzi usubiri siku nzima au mbili. Majani yanayoelea ni mboji, hayahesabiwi.

Mpangilio huu una sababu, na hapa ndipo mwalimu asiharakishe. Kasi ya kushuka hufuata mraba wa kipenyo: chembe yenye kipenyo mara 10 zaidi hushuka mara 100 haraka zaidi. Mchanga huanzia milimita 0.05 hadi 2, mfinyanzi uko chini ya 0.002. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kabla ya kuona, waandike utabiri wao daftarini.

Kisha hesabu. Tabaka zote sentimita 10, mchanga 4, tope 4, mfinyanzi 2: asilimia 40, 40 na 20, yaani udongo tifutifu. Udongo mweusi wa mbuga utaonyesha mfinyanzi mwingi mno, na kwa kuwa mfinyanzi huvimba majini, kipimo chake huwa kimezidi kidogo. Hakiki kwa kusokota udongo mbichi kiganjani: kichanga hakisokoteki.

Walimu wa pwani, jihadharini na maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi hugandisha mfinyanzi, ukashuka mapema na kuchanganyika na tope. Tumieni maji ya mvua.

Kosa hilohilo ni somo zuri likifanywa kwa makusudi. Andaa chupa mbili za maji ya mfinyanzi yasiyo na sabuni, moja uitie kijiko kikubwa cha chumvi, uzitikise pamoja. Yenye chumvi itaanza kung'aa juu wakati mwenzake bado ni kama chai ya maziwa. Hapo mtoto anaelewa kwa nini mto Rufiji ukikutana na bahari unabwaga tope lake laini kwenye delta, ambako mikoko imeota.