Zaka Yangu Nimpe Nani? Anza na Asiyeomba

Mwezi wa Shaabani ukiingia tu, simu zinaanza. "Dada, hesabu ya zaka nimeshapiga, sasa nimpe nani?" Wanaouliza wanajua kuwa sisi akina mama wa darsa hapa Ngamiani, Tanga, tuna miaka tunakusanya na kugawa, wakadhani nina orodha ya mafakiri kabatini. Orodha ninayo, ila siitoi, kwani ni siri za watu. Ninachoweza kutoa ni ushauri.

Anza na asiyeomba. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba masikini si yule anayewazungukia watu akarudishwa na tonge moja au mbili, tende moja au mbili. Masikini ni asiye na cha kumtosha, watu hawamtambui wakampa, wala hasimami kuwaomba. Na Suratul Baqara, aya ya 273, inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Sasa mtu wa namna hiyo, ukigawa pesa getini kwako, atafika? Foleni ya getini humfaa mwenye miguu ya kusimama juani na asiyejali nani anamwona. Sisemi wa getini wafukuzwe. Aliyeomba ana haki yake, na zile sarafu za Ijumaa ambazo wenye maduka huziweka kaunta ni ada nzuri, Mungu aidumishe. Ila zaka ya mwaka mzima usiimalizie hapo.

Utampataje basi? Nenda kwa mwalimu wa madrasa, umuulize watoto gani wanakuja asubuhi bila kunywa chai. Nenda kwa mwenye duka la mtaani, maana daftari lake la mkopo linajua mengi kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Akiwa mtu wa heshima hatakutajia majina, wala usimlazimishe. Mwambie tu unataka kulipa deni la unga na mafuta la nyumba iliyokwama, achague yeye. Waturuki wana desturi kama hiyo ya tangu enzi za Dola ya Uthmaniya: mtu anaingia duka ambalo hajulikani, analipa madeni ya watu asiowajua, anaondoka.

Hapo lakini pana jambo la fikihi, yaani sheria za dini. Hiyo fanya kwa sadaka, ambayo ni hiari, si kwa zaka, ambayo ni faradhi. Kwetu Washafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, zaka inatakiwa iingie mikononi mwa anayestahiki, aimiliki, aamue mwenyewe. Ndiyo maana pia, kama fulani unamdai laki moja, huwezi kusema "nimekusamehe, iwe ndiyo zaka yangu". Mpe pesa mkononi bila sharti; akipenda kukulipa kwa hizo hizo, ni hiari yake. Mambo ya kufichaficha, kama kumnunulia mtu luku kwa namba ya mita yake ili taa ziwake asijue nani, ni sadaka tamu sana. Na hata zaka, si lazima umwambie mpokeaji kuwa ni zaka. Wengi wataikataa wakilisikia jina. Nia iko kwako, yeye mpe na salamu.

Watu ninaowahangaikia zaidi ni wajane walio edani, yaani wanaokaa kipindi cha kungoja baada ya kufiwa na mume. Mume akifa, siku za matanga nyumba inajaa pilau mpaka inamwagwa. Hitima ikisomwa, turubai likishushwa, kila mtu kwake. Mama wa watu amebaki na eda ya miezi 4 na siku 10, na biashara yake ilikuwa kukaanga samaki, anawafuata alfajiri kule Deep Sea. Sasa atatokaje? Sheria inamruhusu kutoka mchana kwa haja, lakini macho ya mtaa hayamruhusu, na mtaji umeshaliwa msibani. Kodi ya nyumba haisubiri. Kwa hiyo mkifiwa na jirani, toa kwanza nusu ya rambirambi yako. Nusu nyingine ipeleke mwezi wa pili wa eda, wakati hakuna anayepita. Utaona tofauti.

La pili ni kiasi. Mwenye milioni 40 zilizotimiza mwaka, zaka yake, asilimia 2.5, ni milioni moja. Wengi huigawa noti za elfu tano tano kwa watu 200. Mwaka ujao wale 200 wako pale pale, na yeye anajisikia amegawa kweli kweli. Imamu Nawawi, mkubwa wa madhehebu yetu, ameeleza kuwa mwenye ufundi apewe cha kununulia zana za ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji unaofanana na biashara yake. Kwa lugha ya huku ni cherehani, ni jiko na sufuria za mama lishe, ni boksi la samaki. Najua tumesomeshwa kuigawa kwa makundi yote yanayopatikana kati ya yale manane ya wanaostahiki zaka, yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wamejuzisha hata kundi moja. Kaa na sheikh wako. Mimi nikiombwa maoni nasema: nyumba chache zitoshelezwe.

Na usiruke ndugu zako ukakimbilia mbali. Wazazi, watoto na mke huwapi zaka kwa jina la ufakiri, hao kuwalisha ni wajibu wako. Lakini shangazi, binamu, dada aliyeachwa na mume akiwa na watoto? Mtume amesema sadaka kwa ndugu ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Hata mke tajiri anaweza kumpa zaka mumewe fakiri, kama zilivyokuja habari za Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume. (Wanaume wakisikia hii darsani hukohoa.)

Kuhusu picha: mtu kupigwa picha kashika kilo mbili za unga, mtoto wake anasoma darasa moja na wako, mimi naona yamo katika maudhi yanayobatilisha sadaka. Basi.

Zaka ya fitri nayo ina wakati wake. Ni pishi moja ya mchele kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu, na wengine hutoa tatu kwa tahadhari. Wakati bora ni kabla ya sala ya Idi, lakini kwa Shafi inajuzu tangu Ramadhani ianze, na mchele unaofika saa moja asubuhi ya Idi kwa mama mwenye watoto saba hauna nazi, hauna kuni, hauna muda. Mpelekee siku mbili kabla, na juu yake umtilie sadaka ya nazi na nyama.