"Imeponya panya": uliza mnyama gani kabla hujampaka mtoto aliyeungua

Siku hizi kwenye chumba cha vidonda hapa Tanga watu wanakuja na jeraha mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Sista, hebu soma, wamethibitisha." Nasoma. Mara nyingi utafiti upo kweli: mafuta fulani, asali au utomvu wa mshubiri umefunga jeraha la moto upesi. Ila aliyeunguzwa ni panya.

Tafiti hizi nazithamini, kwa sababu nyingi ya kazi ninayofanya kila siku imetokana nazo. Ninachokuomba ni uulize kwanza: mnyama gani?

Ngozi ya panya imelegea. Ukimshika mgongoni inavutika na kuteleza juu ya nyama. Chini yake pana msuli mwembamba ambao binadamu karibu hatunao, nao huvuta kingo za kidonda zikutane kama mdomo wa mfuko wa kamba unavyokazwa. Kidonda chetu hakina msaada huo. Hujaa nyama mpya polepole, kisha ngozi hutambaa kutoka kingoni na kwenye mashina ya vinyweleo vilivyosalia. Kwa hiyo panya atafunga kidonda haraka hata asipopakwa kitu. Tazama kama kulikuwa na panya wengine walioungua vilevile wakaachwa bila dawa. Kama hawakuwepo, hapo hakuna ushahidi.

Mnyama anayetukaribia ni nguruwe. Najua wengi wetu hapa tunakunja uso tukimsikia, na sina neno na hilo. Hakuna anayekupaka kitu chake, tunachukua elimu tu. Ngozi yake imeshikamana na mafuta ya chini, ina nywele chache, na hupona kwa kuota upya kama yetu. Mwaka 1947 Moritz na Henriques, huko Marekani, walipima kwa nguruwe na kwa watu waliojitolea joto na muda unaounguza ngozi: nyuzi 44 huhitaji kama saa 6, nyuzi 60 sekunde chache tu. Chai ya mtoto ikimwagika, huna muda wa kutafuta chupa ya mafuta.

Uliza pia dawa ilipakwa lini. Maabara hupaka mapema, kwenye kidonda kidogo kisafi. Mimi napokea mtoto siku ya tatu, mkono umegandiwa dawa ya meno, na kuibandua ni kumliza upya.

Jambo jingine: mnyama anaumia kama wewe. Utafiti usioeleza kuwa alipewa dawa ya usingizi na ya maumivu, mimi siuamini hata matokeo yake.

Kilichoonekana kwa nguruwe na kikakubalika kwa watu ni maji ya kawaida, dakika 20, yakitiririka. Bomba likikatika, chota ndooni kwa kopo umwagie taratibu. Hata ukichelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Barafu usiweke, hubana mishipa na kuzidisha jeraha. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mfunike mtoto sehemu nyingine asipate baridi, malengelenge usiyapasue, kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na mje. Ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio, njoo hata kama jeraha ni dogo.