Ely hadi Tonopah: maili 168 bila kituo cha mafuta

Wiki hii maswali manne yanahusu barabara moja: Barabara Kuu ya Marekani namba 6 (US 6), katika jimbo la Nevada, kati ya miji midogo ya Ely na Tonopah.

Nimepima kwenye ramani nikapata kilomita 240. Simu inasema 270. Nifuate ipi?

Fuata simu. Wewe umepima njia ya ndege. Kwa barabara ni maili 168, sawa na kilomita 270 hivi. Nevada ina safu nyingi za milima zinazolala kaskazini-kusini, na barabara hii inazikata safu moja baada ya nyingine, hivyo hupinda kutafuta pa kuvukia. Pale Currant Summit, mojawapo ya sehemu za kuvukia milima, utakuwa mita 2,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ukishuka bondeni, imenyooka kama uzi. Tenga saa tatu.

Natokea Utah. Saa inabadilika njiani?

Inabadilika ukiingia Nevada, kabla ya Ely: unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Kutoka Ely hadi Tonopah, saa ni ileile.

Gari langu hula mafuta. Naona Warm Springs kwenye ramani. Naweza kujaza hapo?

Hapana, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kuondoka. Warm Springs ni jina lililobaki kwenye ramani tu. Watu walishahama na hakuna huduma yoyote. Tena iko maili 50 kabla ya Tonopah. Ukiitegemea, utagundua kosa lako ukiwa umeshatembea kilomita 190, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Jaza tangi Ely mpaka pomoni, hata kama mshale bado uko nusu. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni litamaliza karibu galoni 7, yaani lita 26; lako weka zaidi. Beba maji ya kunywa ya kutosha, na ukague tairi la akiba kama lina upepo. Kwangu mimi, umbali wa Nevada hupimwa kutoka pampu hadi pampu. Hesabu ya maili huja baadaye.

Tutafika Ely saa mbili usiku. Tuunganishe moja kwa moja?

Msiunganishe, hasa mkiwa na watoto. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni malisho yasiyo na uzio, na ng'ombe wana haki ya kuvuka. Ng'ombe mweusi juu ya lami, bila taa hata moja, unamwona ameshafika mbele ya boneti. Majira ya baridi kuna na theluji kwenye vilele. Laleni Ely, mwondoke jua likishachomoza.