Mbuzi wamekufa, setilaiti inaona kijani

Swali: Mimi ni mfugaji, kaunti ya Marsabit. Nilikata bima ya mifugo. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zikaniulia mbuzi 30, wengine wakasombwa na laga (mto wa msimu), wengine wakafa kwa baridi. Wakala asema hakuna malipo kwa sababu setilaiti inaonyesha malisho yapo. Nimetapeliwa? Niendelee kulipa?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Hukutapeliwa, ila inaelekea uliuziwa kitu bila kuelezwa ni kitu gani, na kosa hilo si lako.

Bima hii, iliyoanzia hapo hapo Marsabit mwaka 2010, haihesabu mizoga. Kutuma mkaguzi hadi North Horr kwa ajili ya mbuzi watatu kungegharimu kuliko mbuzi wenyewe. Kwa hiyo setilaiti hupima ukijani wa ardhi, wastani wa eneo zima, kisha unalinganishwa na wa msimu kama huo miaka ya nyuma. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, hata asiyepoteza mwanambuzi mmoja. Usiposhuka, halipwi mtu. Mvua iliyokuulia mbuzi ndiyo hiyo hiyo iliyootesha nyasi.

Mwanzoni mkataba ulitumia ukijani huo kukisia vifo, na malipo yakaja baada yake. Baadaye ukageuzwa ulipe mapema, malisho yanapoanza kupungua, ili upate ya kununulia majani makavu, maji na dawa mnyama angali na nguvu. Mimi naona waliogeuza walifanya vyema. Katika ukame wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na hata waliobaki hai walikuwa wamekonda kiasi cha kukosa mnunuzi, huku unga ukipanda bei. Fedha inayokuja baada ya mzoga haisaidii sana.

Kipimo nacho kina upofu wake. Mti wa mathenge hubaki kijani hata mbuzi wakiwa hawana cha kung'ata, na kutoka juu kijani ni kijani.

Uendelee? Ndiyo, lakini usikatie kundi zima. Katia majike wa kuzaa, wale ambao wakifa utaanza upya. Bima hukatwa kwa vipimo: ng'ombe mmoja ni kipimo 1, ngamia mmoja 1.4, na mbuzi au kondoo 10 ndio kipimo 1. Fedha inayobaki iende kwenye chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu. Boma nalo lihamie mahali pa juu, mbali na laga, maana mafuriko hayamo kwenye mkataba wako.

Bima huuzwa kabla ya mvua: Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Safari hii, kabla hujatoa shilingi, mwambie wakala akuonyeshe kwenye ramani mpaka wa eneo lako. Ikiwa mifugo yako hulisha upande wa pili wa mpaka huo, utakuwa unalipia nyasi za wengine.