Nimemwaga aiskrimu zangu kwa sababu ya E471. Je, pesa niliyoipata ni haramu?

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Mume wangu alivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, na tangu hapo nyumba inaendeshwa na friza moja. Natengeneza aiskrimu na lambalamba, wanafunzi wananunua wakitoka shule. Wiki mbili zilizopita ustadhi mmoja alituma sauti kwenye kundi letu la akina mama wa madrasa, pamoja na orodha ya namba za E. Alisema E471 ni mafuta ya nguruwe, anayeiuza amewalisha watoto wa Kiislamu haramu, na swala yake haipokelewi siku arobaini. Akaongeza kwamba hata isiyo na nguruwe ni haramu, kwa kuwa imejaa kemikali na sukari, na kila chenye madhara ni haramu. Niliogopa, nikamwaga ndoo mbili pamoja na unga uliobaki. Nimekopa laki mbili kwa hawa wakopeshaji wa mtaani, kausha damu, ili nianze kuuza mkaa, narejesha elfu thelathini kila wiki kwa wiki kumi. Je, pesa niliyolipia ada za watoto ni haramu? Na nitubu vipi? Nimekutumia ile orodha na picha ya pakiti.

JIBU:

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara ya kwanza kwa ajili ya aiskrimu, na mara ya pili kwa ajili ya sentensi moja uliyoipitisha haraka haraka, ile ya mkopo. Nitaifikia. Kwanza nikutoe hofu: pesa uliyolipia ada ni halali, swala zako ni swala, na hudaiwi toba yoyote kwa kuuza ulichokuwa unauza.

Nimeikuza picha ya pakiti yako mpaka maandishi yakasomeka. Sukari, maziwa ya unga, mafuta ya mawese, kisha E471, na mbele yake kwa herufi za kuumiza macho imeandikwa kuwa asili yake ni mimea. Zinafuata E412, E407 na vanilini. Basi. Ulichokimwaga kilikuwa halali isiyo na shaka, na jawabu lilikuwa mgongoni mwa pakiti muda wote. Sikulaumu wewe. Mtu aliyeambiwa kwa sauti kali kwamba amewalisha nguruwe watoto wa wenzake hashiki pakiti akatulia kusoma.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kesho mwingine atakuwa na pakiti isiyo na maneno hayo, na sauti ile bado inazunguka kwenye simu za watu.

Herufi E inatokana na utaratibu wa Ulaya wa kuvipa namba viambato vya vyakula. Namba inakuambia kiambato ni kitu gani. Haikuambii kimetoka kwa nani. E471 ni mafuta yaliyovunjwa vunjwa, wataalamu huyaita mono na diglaiseridi, na kazi yake ni kuyashikamanisha maji na mafuta ili aiskrimu iwe laini, isiwe na chenga za barafu. Hutengenezwa kwa mawese, kwa soya, kwa alizeti, na pia kwa mafuta ya wanyama. Yote hayo hubeba namba ileile. Kwa hiyo anayesema "E471 ni nguruwe" ni kama anayesema mafuta ya kupikia ni nguruwe, kwa sababu yuko mtu mahali fulani anakaangia mafuta ya nguruwe.

Orodha hiyo naijua zamani. Niliiona kwa mara ya kwanza ikiwa karatasi ya fotokopi, imebandikwa mlangoni mwa msikiti, kabla hatujawa na simu za kutumiana sauti. Nimeipitia tena hii uliyonituma. Ya kwanza kabisa ni E100. Unajua E100 ni nini? Ni rangi ya manjano, bizari hii hii unayotia kwenye mchuzi. E140 ni ukijani wa majani, ule ulioko kwenye mchicha. E270 ni asidi ya laktiki, ukali unaousikia ukinywa maziwa ya mgando. Aliyeiandika orodha hii ameyaharamisha manjano, mchicha na mgando kwa mkupuo mmoja, na ustadhi ameisoma kwa sauti ya huzuni kama anayesoma hukumu. Na E407 iliyo kwenye pakiti yako hutolewa kwenye mwani, aina moja na huo wanaoulima mama zetu wa Paje na Jambiani kule Unguja. E412 ni unga wa mbegu za guwari, jamii ya kunde, zinazolimwa sana India na Pakistani.

Naelewa hofu hii inakopata nguvu. Sisi Waislamu wa Kilimanjaro tunaishi na majirani wanaofuga nguruwe na kula kitimoto, ni ndugu zetu na wakwe zetu, na tumelelewa kuuliza "sufuria hii imepikiwa nini?" Tahadhari hiyo ni nzuri. Ila tahadhari ni ya mtu na tumbo lake. Kuwaambia watu "Mungu ameharamisha" ni jambo zito kuliko hilo, na Qur'ani imelikemea kwa maneno makali: katika Suratun Nahl, aya ya 116, tumekatazwa kuziacha ndimi zetu ziseme hiki halali na hiki haramu, tukamzulia Mwenyezi Mungu uwongo. Watu wanadhani aya hii inamkaripia anayehalalisha tu. Someni vizuri. Imewataja wote wawili.

Ustadhi atasema: lakini Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amesema halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye utata, anayejiepusha nayo ameisalimisha dini yake. Hadithi ya Nu'man bin Bashir, sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Lakini utata unahitaji alama. Kuwazia tu kwamba "huenda" hakuzai utata, la sivyo hata maji ya bomba yangekuwa na utata. Bi Aisha, Allah amridhie, amesimulia kwamba watu walimwambia Mtume: kuna jamaa wanatuletea nyama, hatujui kama wamelitaja jina la Mwenyezi Mungu au hawakulitaja. Hakuwaambia waimwage. Aliwaambia walitaje jina wao wenyewe, wale. Na hiyo ilikuwa nyama! Wanazuoni wakajenga juu yake kanuni tunayowafundisha watoto madrasa: yakini haiondolewi na shaka. Maziwa na sukari ni yakini. Nguruwe wa ustadhi ni shaka.

Kuhusu siku arobaini: hadithi zilizothibiti zinamhusu mnywa pombe na anayemwendea mpiga ramli. Ile ya tonge la haramu kumzuilia mtu ibada zake siku arobaini, wataalamu wa hadithi wameidhoofisha. Na hata ingekuwa sahihi, tonge lenyewe la haramu liko wapi hapa?

Sasa nimpe ustadhi haki yake, maana yako mambo mawili ambayo angeyasema ningesimama naye. La kwanza ni gelatini. E471 yaweza kuwa mmea, gelatini haiwezi. Hiyo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa ya ile ya viwandani ni ya nguruwe. Wako wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanafi, wanaosema kitu kikigeuka kabisa dhati yake hukumu nayo hugeuka. Sisi tunaomfuata Imamu Shafi'i tumelibana mno jambo hilo, tumelikubali kwa pombe iliyogeuka siki yenyewe na mfano wake. Na asili ya vitu vya mnyama ni kuzuilika mpaka ijulikane amechinjwa. Kwa hiyo pakiti ikiandika gelatini bila kusema ni ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali au ya samaki, iache. La pili ni E120, karmini, rangi nyekundu inayotolewa kwenye wadudu wadogo wanaokaa juu ya mpungate. Wamaliki wana nafasi katika wadudu, sisi hatuna. Iache pia. Vanila ya maji nayo soma kibandiko chake, kwa kuwa ile inayokamuliwa kwenye maganda ya vanila huchujwa kwa pombe. Ya unga ipo na ni rahisi.

Nije kwenye hoja yake ya pili, ya madhara. Hii imenikera kuliko ya kwanza, maana imevaa nguo ya udaktari. Kweli Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Lakini dhara linaloharamisha ni lile la hakika au lenye dhana yenye nguvu, na hutazamwa kwa mlaji na kwa kiasi. Sukari ya kiwanda cha TPC iliyo kwenye aiskrimu yako ndiyo hiyo iliyo kwenye chai yake ya asubuhi, na sidhani ameiharamisha chai. Imepokewa kwa Tirmidhi kwamba kinywaji kilichopendwa zaidi na Mtume kilikuwa kitamu cha baridi. Februari ya Moshi, saa saba mchana, nani asiyeielewa hadithi hiyo?

Je, aiskrimu ni chakula cha afya? Nikuambie nilivyoelewa kwa kusoma na kuwauliza madaktari. Ina maziwa, na maziwa yana protini na kalisi. Ina pia takriban gramu 20 za sukari katika kila gramu 100, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri mtu mzima asivuke kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku akitaka faida zaidi. Mtoto ni chini ya hapo. Hesabu mwenyewe: koni moja kubwa karibu imemaliza siku. Wapo watafiti wa Harvard, Marekani, waliokuta kwenye takwimu za miaka mingi kwamba waliokula aiskrimu kwa kiasi walipata kisukari kidogo kuliko wasiokula. Wenyewe hawakuishangilia. Huenda aliyeonywa na daktari ndiye aliyeacha, na mzima akaendelea kula. Usiiandike kwenye bango lako.

Kemikali nazo si kitu kimoja. Hiyo CMC mnayoiweka wengi wenu ili aiskrimu iwe nzito ni E466, hutokana na nyuzi za mimea. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya CMC na polisobeti 80, kiambato kingine cha kushikamanisha maji na mafuta, wakaona uvimbe mdogo wa utumbo na kunenepa. Panya si mtoto wa shule, ila ni sababu ya kupunguza kipimo. Na zile rangi kali, E102 na E110, Ulaya tangu 2010 wanalazimisha kibandiko kinachoonya kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Hawakuzipiga marufuku. Wewe una ubuyu, una rosela, una embe, una parachichi la Kibosho. Rangi ya dukani ya nini?

Ningekuwa mimi ndiye ustadhi na nimepata dakika tano kwenye simu zenu, ningezimaliza kwenye maji. Homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kwa maji, na kugandisha hakuviui vijidudu vyake vyote, vinavyobaki huamka barafu ikiyeyuka mdomoni. Chemsha maji ya lambalamba. Umeme ukikatika mpaka mchanganyiko ukayeyuka, usiugandishe tena ukauza. Hapo kweli pana dhara, na pana ghushi, na Mtume alipotia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta chini kumelowa alisema anayeghushi si katika sisi. Ghushi pia ni kuita "aiskrimu ya maziwa" kitu ambacho ni maji na mawese. Na ule unga unaopimwa kwa kopo pale sokoni Mbuyuni kwenye mifuko isiyo na maandishi, mwambie mwenye duka akuonyeshe gunia lake. Akikataa, nunua kwa mwingine mwenye pakiti yenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango, na tarehe.

Mume wako akipona, kama ana sukari au presha, yake iwe ya kuonja. Hiyo ni hukumu yake peke yake, haiwafungi wateja wako.

Rudi kwenye friza yako. Wallahu aalam.

Sasa ule mkopo. Umepokea laki mbili, utarudisha laki tatu. Hiyo, dada yangu, ndiyo riba, ambayo haihitaji orodha ya namba wala kukuza picha. Ulimwaga halali kwa kuogopa haramu, ukaenda kuishika haramu yenyewe kwa mikono miwili, na aliyekuogopesha hakuwa na neno juu yake. Sikukemei. Lawama kubwa nampa anayekaa na daftari lake akisubiri akina mama wenye waume waliolala kitandani, na kiasi kingine namgawia aliyekusukuma mpaka mlangoni kwake.

Usiongeze mkopo mwingine juu ya huo. Mkaa kama umeshaununua, uuze, usiurudishe kwa hasara. Allah ameamrisha mdaiwa mwenye shida angojewe mpaka afarijike, ila jamaa hawa hawaisomi aya hiyo, kwa hiyo tusiwangojee. Msikitini tunao mfuko mdogo wa kukopeshana bila ziada. Fedha yake si nyingi, lakini laki mbili si milima. Njoo Ijumaa baada ya swala, uje na ile karatasi uliyotia saini, na kama mume wako anaweza kutembea kwa magongo aje naye. Tunataka tuwalipe kabla marejesho ya wiki ijayo hayajafika. Na yule ustadhi nimeshamwomba namba yake kutoka kwa viongozi wa kundi lenu, nitazungumza naye mimi, peke yetu.